Kikohozi cha Alfajiri: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia na Kudhibiti Homa ya Mapafu ya Ng'ombe kwa Jamii za Wafugaji

Kwa takriban miaka 25, tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi mwaka 1990, Tanzania haikuwa na homa ya mapafu ya ng'ombe. Ilipigwa ikaisha. Mwaka 1990 ikaonekana tena Loliondo, wilayani Ngorongoro, ikitokea upande wa Kenya, na miaka iliyofuata ikatembea mkoa hadi mkoa. Haikuletwa na kupe wala na mbung'o. Ilikuja kwa miguu, ndani ya kifua cha ng'ombe ambaye yeyote aliyempokea alimwona mzima tu.

Wamaasai huuita ugonjwa huu olkipiei, Waturkana huuita loukoi, na kwenye karatasi za serikali utaukuta kwa herufi CBPP. Ni ugonjwa wa siku nyingi. Katika miaka ya 1880 uliangusha ng'ombe wa Wamaasai hata kabla sotoka haijafika kumalizia waliobaki mwaka 1890 na 1891, na kipindi kile cha maangamizi wazee hukitaja mpaka leo kwa jina la Emutai.

Nimekulia bomani. Kwetu olkipiei iliingia na mtamba wa mahari, mnyama mzuri ambaye mama alimchagua mwenyewe kwa ajili ya maziwa ya baadaye. Alikohoa mara chache akanyamaza. Miezi miwili baadaye waliokuwa wakilala karibu naye zizini wakaanza kuanguka. Tangu hapo nimejifunza kwamba ugonjwa huu hufuata njia zile zile ambazo undugu wetu hupita: mahari, mkopo wa ng'ombe wa maziwa, zawadi ya rafiki, kisima cha pamoja. Anayetaka kuudhibiti hana budi kuzijua njia hizo kuliko anavyojua majina ya dawa. Niliyoyaandika hapa ni kwa ajili ya mfugaji, kijana anayechunga, mhudumu wa mifugo wa jamii na kamati ya kijiji.

Hatua ya kwanza: Ujue unavyoonekana, na unavyojificha

Chanzo ni kimelea kidogo cha jamii ya bakteria kinachoitwa Mycoplasma mycoides. Huishi kwenye mapafu na hutoka kwa matone ya kikohozi na pumzi. Ng'ombe mwingine huyavuta akiwa karibu: zizini usiku, kwenye foleni ya kisima, ndani ya lori, mnadani. Nje ya mwili wa mnyama hakidumu. Jua letu hukiua upesi, kwa hiyo nyasi na udongo si tatizo kubwa. Binadamu haambukizwi. Mbuzi wana homa yao ya mapafu inayofanana na hii kwa jina, lakini kimelea chake ni kingine na chanjo yake ni nyingine. Nyumbu na nyati, ambao hulaumiwa kwa mengi, hapa si wa kulaumiwa: ugonjwa huu hutoka kwa ng'ombe kwenda kwa ng'ombe.

Tangu mnyama anapovuta hewa yenye kimelea hadi dalili zionekane, kwa kawaida hupita wiki 3 hadi miezi 3, na wakati mwingine zaidi. Liweke akilini hilo, kwa sababu karibu kila agizo lililo chini linatokana nalo.

Mgonjwa wa wazi utamjua. Joto la mwili hupanda hadi nyuzi 40 au 42. Anaacha kucheua, maziwa yanakatika, anabaki nyuma ya kundi. Anasimama ameinamisha kichwa na kunyoosha shingo, viwiko vya miguu ya mbele amevitanua nje kana kwamba anakipa kifua nafasi, mgongo umepinda. Kila anapotoa pumzi anaguna. Ukimbonyeza katikati ya mbavu anashtuka kwa maumivu. Ndama wa chini ya miezi 6 mara nyingi hawakohoi kabisa: wao huvimba magoti na viungo vya miguu, wakachechemea, na watu wakadhani wamekanyagwa. Ukiona ndama wawili watatu wamevimba viungo katika boma ambalo pia lina ng'ombe wakubwa wanaokohoa, usisubiri dalili nyingine.

Huyo wa wazi siye anayenitisha. Anayenitisha ni yule aliyeugua kidogo akapona. Ndani ya pafu lake hubaki kipande kilichokufa, kimezungukwa na ganda gumu, kikubwa kama yai au hata kama kichwa cha mtoto, na ndani ya ganda hilo kimelea huweza kuishi kwa miezi mingi. Mnyama ananenepa na kuzaa, na akipata taabu ya ukame au safari ndefu huweza kuanza kukohoa upya. Huyu ndiye anayeuzwa, ndiye anayetolewa mahari.

Usichanganye ugonjwa huu na ndigana kali, ambayo pia huleta homa na taabu ya kupumua. Kwenye ndigana kali tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, na huwapiga zaidi ndama na ng'ombe wageni wasiozoea kupe wa eneo lile. Kichomi cha kawaida cha baada ya safari au baridi huua haraka, ndani ya siku chache. Olkipiei hutambaa: mmoja wiki hii, wawili mwezi ujao, kisha watano.

Hatua ya pili: Sikiliza kabla ya kufungua zizi

Baba yangu alikuwa akiamka kabla ya wanaokamua, anasimama ameegemea fimbo nje ya miiba ya zizi, hasemi na mtu. Nilidhani anasali. Alikuwa anasikiliza. Sijaona mpaka leo kifaa kinachoushinda utaratibu huo kwa gharama wala kwa wepesi.

Ufanye uwe desturi ya boma zima. Ng'ombe wanapoinuka alfajiri hewa ni ya baridi na kifua kibovu hukohoa. Kaa kimya kwa muda wa kukamua ng'ombe mmoja, uhesabu vikohozi na umtambue kila anayekohoa. Kisha, mara moja kwa wiki, unapowatoa waharakishe kidogo: watembeze mwendo wa kasi hatua mia mbili au tatu, halafu wasimamishe. Kifua chenye kidonda hakivumilii mwendo huo. Atakayekohoa kikavu mara kadhaa baada ya kuharakishwa, mtie alama.

Wanawake wanaokamua waulizwe kila siku. Wao ndio wa kwanza kujua kwamba maziwa ya fulani yamepungua, kwamba fulani leo hakutulia. Katika vikao vingi vya mifugo nilivyohudhuria wanaume huzungumza saa nzima, na habari yenyewe iko kwa mama aliyekaa nje na kibuyu.

Andika. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha mwaka mzima: tarehe, ng'ombe kwa rangi na jina lake, alichoonyesha, yuko wapi leo, alitoka wapi. Asiyejua kuandika anaweza kutumia mistari ya mkaa kwenye ubao au mafundo ya kamba, fundo moja kwa kila mkohozi kwa kila wiki. Muhimu ni kuweza kusema baada ya mwezi kama wanaongezeka au wanapungua.

Kipimo cha kushuku kiwe rahisi na kila mtu akijue: ng'ombe mmoja mkubwa mwenye homa na kikohozi katika boma lililopokea mgeni ndani ya miezi 6, au ng'ombe wawili wenye kikohozi kisichokwisha kwa wiki 2 hata kama hakuna mgeni. Kikitimia kipimo hicho, nenda hatua ya tatu siku hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: Chora njia za ng'ombe

Kazi hii hufanywa chini ya mti, na ifanywe na watu wengi. Safisha udongo na mchore ardhi yenu: weka jiwe kwa kila boma, majani kwa kila malisho, kifuu au kopo la maji kwa kila kisima, lambo na josho, kijiti kwa kila mnada. Chora alalili, yale malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi, chora na ronjo, zile kambi za muda ambako vijana huhamia na mifugo wakati wa kiangazi, kwa maana huko ndiko makundi ya vijiji vinne au vitano hulala zizi moja.

Halafu kila mwenye boma aeleze, kwa mkono wake, ng'ombe walioingia na waliotoka tangu mvua za msimu uliopita. Kwa kila mnyama avute mstari. Hapa ndipo panapohitajika moyo, maana mistari mingine ni ya siri za watu. Mkopo wa ng'ombe wa maziwa kwa dada aliyeolewa mbali. Dume lililoazimwa. Mtamba uliotolewa kama zawadi na ambao umewafanya watu wawili waitane paashe mpaka kufa. Deni lililolipwa usiku. Wanyama walioibwa wakarudishwa. Kiongozi wa kikao, mara nyingi laigwanani, yaani kiongozi wa kimila wa Wamaasai, aseme mapema kwamba hakuna atakayedaiwa wala kutozwa kwa alichokitaja pale, na neno hilo lisimame.

Mkimaliza, wekeni mbegu nyekundu kwenye kila boma lenye mkohozi. Mara nyingi utaona mbegu zinafuata mstari mmoja. Ukiurudia mstari huo nyuma unapata ulikotoka ugonjwa, ukiufuata mbele unapata boma ambalo bado halijui kwamba limepokea mgonjwa. Mtume mtu huko leo, asisubiri mpaka kesho.

Pigeni picha ya mchoro huo kwa simu kabla mbuzi hawajaukanyaga. Afisa mifugo wa wilaya atauhitaji kuliko hotuba yoyote.

Hatua ya nne: Toa taarifa

Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa mfugaji kifo hicho humuumbua pamoja na jirani. Najua kwa nini watu hawasemi. Wanaogopa karantini, wanaogopa mnada kufungwa, wanaogopa kuitwa boma lenye mkosi. Hofu hizo si za kijinga, na serikali inayofunga mnada kwa miezi bila kurudi kupima wala kutoa maelezo huzizidisha. Lakini tulionyamaza tulilipa zaidi.

Kwa Tanzania, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Namba 17 ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mifugo atoe taarifa ya ugonjwa wa namna hii. Njia ya taarifa ni afisa mifugo wa kata au kijiji, naye humfikishia daktari wa mifugo wa wilaya, kisha Kituo cha Veterinari cha Kanda. Mjulishe pia mtendaji wa kijiji ili taarifa isiishie kwa mtu mmoja ambaye huenda yuko likizo. Baadhi ya maofisa na wahudumu wa jamii hutumia programu za simu. Mojawapo ni AfyaData, iliyobuniwa na wataalamu wa SACIDS, kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuambukiza kilichoko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Hiyo ilijaribiwa mapema Ngorongoro kwa kuwatumia watu wa kijiji wenyewe. Kenya ina mfumo wake wa simu wa kufuatilia magonjwa ya mifugo. Uliza wilayani au kwenye kaunti yako ni upi unaofanya kazi sasa.

Taarifa nzuri ni fupi. Mahali, jumla ya ng'ombe bomani, wangapi wanaumwa, wangapi wamekufa na umri wao, lini aliugua wa kwanza, mgeni wa mwisho aliingia lini na alitoka wapi, walichanjwa lini, wamepewa dawa gani, na wanakunywa maji pamoja na nani. Ukimpa ofisa mambo hayo, hata aliye kilomita 80 anaweza kuamua kama aje leo na vifaa gani.

Hatua ya tano: Funga kundi, lakini lifunge kwa akili

Usingoje majibu ya maabara. Siku ya kushuku ndiyo siku ya kufunga: hakuna ng'ombe anayeingia wala kutoka katika boma hilo, iwe kwa mnada, mahari, mkopo au ronjo. Mbuzi, kondoo na punda waendelee na maisha yao.

Ndani ya boma gawa makundi matatu: wanaoonyesha dalili, waliolala nao zizi moja, na wale waliokuwa mbali, kwa mfano waliokuwa ronjo. Acha nafasi ya mita mia kadhaa kati ya wagonjwa na wengine, na usiwaweke upande upepo unakotokea. Ndama anayenyonya abaki na mama yake mgonjwa. Usimrudishe kwa ndama wenzake.

Zizi la usiku ndilo jiko la ugonjwa huu. Ng'ombe mia moja waliobanana kwa saa kumi na mbili ndani ya miiba, pua kwa pua, hugawana pumzi moja. Lipanueni. Jengeni mazizi mawili au matatu madogo mahali pa moja kubwa, mbali mbali. Najua fisi na simba wapo, na najua miiba haikatwi kwa maneno, lakini hii ni kazi ya siku tatu ambayo huokoa kuliko chupa kumi za dawa.

Maji ndiyo magumu zaidi. Huwezi kumwambia mtu ng'ombe wake wasinywe. Mpango ambao nimeuona ukikubalika ni wa zamu: makundi safi yanywe asubuhi, kundi lililofungwa linywe la mwisho jioni wakati wengine wote wameshaondoka, na lipite njia yake. Kwa kuwa kimelea hakidumu nje, tope la kisima litakuwa salama kwa wa kesho. Wazee wapange zamu hiyo mbele ya watu na waweke faini yao wenyewe kwa atakayeivunja. Kwenye magadi ya kulamba iwe hivyo hivyo, au bora zaidi boma hilo lipelekewe magadi kwake.

Boma lililofungwa lina watoto wanaohitaji unga. Usipolitafutia njia, litauza usiku. Zungumza na daktari wa mifugo wa wilaya juu ya kibali cha kupeleka ng'ombe moja kwa moja machinjioni, bila kupita mnadani, ambako mkaguzi wa nyama ataona mapafu. Jirani nao wasaidie kwa mbuzi na maziwa. Tunayo ewoloto, desturi ya ndugu kumchangia ng'ombe mtu aliyepoteza mifugo. Ni jambo jema kuliko mengi, ila ng'ombe hao wasiletwe mpaka boma litangazwe safi. Vinginevyo mchango utakufa na waliotangulia.

Hatua ya sita: Anayekufa afunguliwe, lakini kwanza tazama kimeta

Mnyama aliyekufa ghafla bila kuugua, mwenye damu nyeusi isiyoganda inayotoka puani, mdomoni au nyuma, na ambaye mwili wake haukakamai, usimfungue, usimchune, usimle. Hicho ni kimeta, nacho huua watu. Mfunike, mzuie mbwa, mwite mtaalamu.

Kama alikohoa kwa siku au wiki kabla ya kufa, ufunguzi wa kifua hutoa ushahidi mkubwa. Ufanywe na ofisa au mhudumu aliyefunzwa. Kinachotafutwa ni hiki: kifua kimejaa maji ya manjano, wakati mwingine ndoo nzima, yenye utando kama mayai yaliyokorogwa. Mara nyingi ni pafu moja tu lililoharibika, zito kama ini, limegandamana na mbavu. Ukilikata unaona madoa ya rangi nyekundu, kijivu na njano yaliyogawanywa na mistari mipana, kama marumaru. Kwa aliyeugua zamani utaona lile ganda gumu lenye kipande kilichokufa ndani yake.

Sampuli ni maji ya kifua, kipande cha pafu kilichochukuliwa pale ubovu unapokutana na uzima, na tezi za karibu. Ziwekwe kwenye barafu na zifike haraka maabara ya TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari, yenye makao Temeke na vituo mikoani, Arusha ikiwemo. Damu ya ng'ombe walio hai pia hupimwa, ila ng'ombe mmoja akionekana safi usimchukulie kuwa safi. Kipimo cha damu husoma kundi vizuri kuliko kinavyomsoma mnyama mmoja, kwa hiyo ruhusu wapimwe wengi.

Hatua ya saba: Dawa, na kwa nini nasita

Acha penisilini. Penisilini huua bakteria kwa kuvunja ukuta wao, na kimelea hiki hakina ukuta. Mamia ya chupa hutupwa bure kila msimu. Dawa za salfa nazo hazimsaidii mgonjwa huyu.

Oksitetrasaiklini na tailosini hupunguza makali, na kila mfugaji anajua hivyo, ndiyo maana chupa ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20 haikosekani bomani. Nchi nyingi hazishauri tiba hii kabisa. Sababu yake ni ya kweli: dawa humnyanyua mgonjwa bila kusafisha pafu, na mgonjwa aliyenyanyuka ndiye huyo mbebaji niliyemtaja mwanzo. Msimamo wangu ni huu. Sitamwambia baba wa watoto sita amwangalie ng'ombe wake wa mwisho wa maziwa akifa. Lakini anayetibiwa atibiwe kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, kwa kipimo kamili kinacholingana na uzito wake, atiwe alama ya kudumu, abaki kwenye kundi la wagonjwa, na safari yake ya pekee kutoka bomani iwe ya machinjioni baada ya siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa kwisha. Asiuzwe hai, asitolewe mahari, asikopeshwe. Maziwa yake yasinywewe kabla ya siku hizo kwisha.

Hatua ya nane: Chanjo

Chanjo inayotumika zaidi Afrika inaitwa T1/44, na asili yake ni kwetu: kimelea chake kilipatikana Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, kikapitishwa kwenye mayai ya kuku mara 44 mpaka makali yakapungua. Hutengenezwa katika taasisi kadhaa barani, zikiwemo KEVEVAPI ya Kenya na TVLA kwenye kituo chake cha Kibaha. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa mkoani Simiyu mwezi Juni 2025 imeiweka homa ya mapafu kuwa ndiyo chanjo ya ng'ombe, serikali ikichangia nusu ya gharama.

Watu huuliza kwa nini sotoka iliisha duniani, ikatangazwa rasmi mwaka 2011, na hii bado ipo. Chanjo ya sotoka ilitoa kinga ya maisha kwa sindano moja, na mwishoni ikapatikana ile iliyovumilia joto, ambayo wafugaji waliofunzwa waliibeba mpaka porini bila jokofu. T1/44 hutoa kinga ya takriban mwaka mmoja na haivumilii joto. Kwa hiyo uchanje kila mwaka, bila kuruka, kwa miaka kadhaa mfululizo. Kuchanja mwaka huu na kusahau miwili ijayo ni kutupa fedha.

Hii ni chanjo hai. Ikifa njiani unachoma maji. Itoke kwenye jokofu iingie kwenye kisanduku chenye barafu, isiguswe na jua. Ikishachanganywa na maji yake, itumike ndani ya saa moja au mbili kwa kufuata kijikaratasi cha mtengenezaji, na inayobaki imwagwe hata kama roho inauma. Sindano na mabomba yachemshwe, yasisafishwe kwa spiriti wala dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu mabaki yake huua chanjo. Na hapa watu wengi hukosea: ng'ombe aliyedungwa oksitetrasaiklini au tailosini karibuni, dawa ile ile inayopunguza ugonjwa huimaliza na chanjo. Msimchanje mpaka dawa iishe mwilini, na msimpe dawa hizo wiki zinazofuata.

Wanaochanjwa ni ng'ombe wazima wote wa miezi 6 na kuendelea. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye chupa, kwa kawaida mililita 1 chini ya ngozi nyuma ya bega. Badilisha sindano mara kwa mara. Wenye homa na kikohozi wasichanjwe. Wiki 2 hadi 4 baadaye baadhi watavimba mahali palipochomwa. Waambie watu mapema, kabla ya kuchanja, maana uvimbe mmoja usioelezwa hufukuza boma kumi mwaka unaofuata. Anayevimba vibaya apelekwe kwa ofisa.

Chagua majira. Mwisho wa mvua, ng'ombe wana nguvu na wako karibu na maboma, kabla vijana hawajakwenda ronjo. Kibanio cha kuwazuia ng'ombe wakati wa kuchanja kiwe tayari na imara. Hesabu kila boma kabla na baada: mkichanja chini ya ng'ombe 8 katika kila 10, ugonjwa utapata pa kupita. Kila aliyechanjwa atiwe alama sikioni. Kwa Tanzania hereni za kielektroniki zinarahisisha kazi hii, kwa sababu mnyama anajulikana kwa namba yake hata akifika wilaya nyingine. Na kwa walio mpakani, Loliondo na Narok, Longido na Kajiado, pangeni tarehe moja na wa upande wa pili. Ng'ombe wa Wamaasai hawajui bikoni za mpaka, na wenye ng'ombe wana shangazi pande zote mbili.

Hatua ya tisa: Chunga mlango wa boma

Anayenunua au kupokea ng'ombe aulize mambo manne: amezaliwa boma lipi, amelala wapi miezi 6 iliyopita, alichanjwa lini, na amewahi kudungwa dawa ya kifua. Kwa mahari, maswali hayo yaulizwe na washenga kwa heshima yake, pamoja na mengine wanayouliza. Haliharibu undugu. Mimi nimeshuhudia baba mkwe akifurahi kuulizwa, kwa kuwa lilimpa nafasi ya kusema ng'ombe wake ni safi.

Mgeni akae zizi lake peke yake, anywe mwisho, achunge kando. Wiki mbili hazitoshi, mwezi hautoshi. Miezi 3 ndiyo ninayoishauri, na mara moja kwa wiki, asubuhi, umharakishe kama wengine. Ng'ombe wa mnadani asiyeuzwa na akarudishwa nyumbani naye ni mgeni kuanzia siku hiyo.

Hatua ya kumi: Lini kufungua

Hesabu ya muda wa kufunga inaanza upya kila anapopatikana mgonjwa mpya. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, WOAH, huchukulia kwamba ugonjwa unaweza kukaa mwilini hadi miezi 6 bila kuonekana. Kwa kundi la wafugaji wanaohamahama kufunga muda wote huo ni mzigo mkubwa, kwa hiyo mara nyingi daktari wa mifugo wa wilaya hupanga pamoja nanyi: miezi 3 bila mkohozi mpya, kundi lote limechanjwa, wale wenye alama ya kutibiwa wamekwenda machinjioni. Uamuzi ni wake, uwe wa maandishi, na usomwe kwenye kikao kile kile kilichofunga boma, ili hakuna atakayelinyooshea kidole tena kisimani.

Baada ya hapo boma lihame zamu ya jioni, lirudi kunywa asubuhi na wenzake. Mwenye daftari aendelee kusikiliza alfajiri kila siku kwa miezi mingine mitatu, na mkaguzi wa machinjio ya karibu apewe jina la boma na namba za hereni, ili pafu lolote lenye ganda likionekana mezani kwake apige simu siku hiyo.